Nilimwambia Mume Wangu Kwamba Mhandisi Alikuja

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kwa sababu hata mimi ninayeandika nimejikasirikia mpaka nimechoka, na barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, kwa hiyo hii ya nne naileta kwa mkono wangu hapo ofisini kwenu nisije nikaichana nayo.

Mimi ni mshonaji, nina duka la vyerehani viwili, nashona sare za shule, na mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, anaondoka wiki tatu, anarudi siku nne, na ndivyo tulivyoishi miaka kumi na sita bila kugombana kwa jambo kubwa, watu husema ni kwa sababu hatuonani, lakini si hivyo, ni kwa sababu hatudanganyani, au niseme hatukuwa tunadanganyana. Miaka yote hiyo tulikuwa tunajinyima ili siku moja tununue nyumba ya kupangisha, mgongo wake ukichoka na usukani na macho yangu yakichoka na sindano tuwe na pa kushika. Mwaka jana nyumba ikapatikana, vyumba sita kwa mstari mmoja kutoka barabarani kwenda nyuma, bomba la maji uani, wapangaji wamejaa, na dalali mwenye yale maneno ya kumtoa nyoka pangoni.

Mume wangu aliiona mara moja tu, kwa nusu saa, lori likimsubiri. Alizunguka kimya, akarudi akasimama getini, wakati ule geti lenyewe lilikuwa mabati yaliyofungwa kwa waya, akaniambia, "Mke wangu, mimi nimebeba saruji miaka kumi na tano, najua inavyopungua kabla haijafika inakokwenda. Usimsikilize mtu anayeisifu nyumba. Tafuta mtu wa kuikosoa, na umlipe aikosoe vizuri." Akaniachia bahasha ya fedha, juu yake ameandika kwa mwandiko wake mbaya, "mhandisi na mwanasheria," akapanda lori akaondoka.

Sasa mshauri, nina mdogo wangu wa kiume, ni fundi wa ujenzi, tangu utotoni tunamwita Injinia kwa sababu alikuwa akifungua redio za watu na baadhi zilikuwa zinapona. Siku mbili baada ya mume wangu kuondoka dalali akanipigia, akasema kuna mnunuzi mwingine anakuja kesho asubuhi na fedha taslimu, kama nina nia nisilale. Nikamwita Injinia. Akaja kwa miguu kutoka mtaa wa pili, akagonga kuta kwa vifundo vya vidole, akapiga sakafu kwa kisigino, akatazama paa, akasema, "Dada, nyumba hii itatuzika sote." Alisema kwa kuisifu, maana yake itadumu kuliko sisi, na tulicheka, na dalali akacheka kuliko sote, akampa mdogo wangu kitu kidogo cha nauli. Jioni ile nikasaini karatasi kwenye meza ya dalali, mwenye nyumba yuko pale anatazama saa yake, na bahasha ya mume wangu ikaenda kwenye geti jipya la chuma na rangi ya krimu, kwa sababu niliona nyumba yenye geti zuri inapata wapangaji wazuri.

Mume wangu akapiga simu kutoka njiani. "Mhandisi alikuja?" Nikasema, "Injinia ameshakuja, amesema iko imara." Akauliza, "Injinia yupi, ndugu yako?" Hapo nilikuwa na nafasi mshauri, kulikuwa na kimya cha kutosha mtu kusema ukweli. Nikasema, "Hapana, mhandisi mwenyewe, mwenye vyeti." Akashusha pumzi, nikaisikia. Akasema, "Haya, basi nimepata usingizi."

Miezi minane ilikuwa ya furaha tu. Kisha mvua kubwa zikaja, na mpangaji wa chumba cha tano, mwalimu wa hesabu, mtu mpole wa kuongea taratibu, akaniita nione ufa ulioanzia kwenye kona ya dirisha, mwembamba kama uzi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami si mbishi wa wahenga, nikamwita Injinia akauziba. Ukarudi. Akauziba tena. Ukarudi mrefu zaidi, umeshuka mpaka sakafuni, umepinda kama mtu anayetafuta njia. Mara nne tumeziba. Mara ya nne mwalimu akanionyesha alichofanya: alikuwa amechora vistari vya penseli kukatisha ufa, kila kimoja na tarehe yake, na vile vya zamani nusu ya kushoto na nusu ya kulia zilikuwa zimeachana. Akaniambia, "Mama mwenye nyumba, mimi nafundisha watoto namba, na namba hizi sizipendi. Nakuheshimu sana, lakini mwisho wa mwezi nahama."

Akahama kweli. Nikaingia chumbani peke yangu na ndoo na kitambaa, nikasimama mbele ya zile tarehe, nikazifuta. Zote. Nikapaka rangi juu yake. Mshauri, sijamwambia mtu yeyote jambo hilo, hata mdogo wangu. Nimeshika kitambaa kilichojaa weusi wa penseli nikajiuliza mimi ni mtu wa namna gani, na hata hivyo nikaendelea kufuta.

Wiki ile ile nilipita kununua mkaa kwa mzee anayeuza ng'ambo ya barabara, yupo pale tangu kabla ya nyumba hizo, na katika mazungumzo tu akaniuliza, "Hivi wale waliojenga vile vyumba viwili vya nyuma, shimo la choo cha zamani walilifanyaje?" Nikamuuliza shimo gani. Akaninyooshea kidole, palepale chumba cha tano na cha sita vinapokutana. "Lilikuwa refu sana," akasema, "tulikuwa tukidondosha jiwe tunahesabu." Nikalipa mkaa nikaondoka nikausahau palepale, ikabidi aniite nyuma.

Nikamweleza Injinia. Kisha akasema, "Dada, ukimwita mhandisi sasa umejichongea. Atapiga alama nyekundu ukutani, watatolewa watu wote, mitaa yote itajua, na shemeji atajua. Subiri kiangazi, udongo ukikauka utakaza." Nikamuuliza, "Una uhakika?" Akasema, "Mimi nikuambie nini dada, tumuombe Mungu."

Tangu siku hiyo, mshauri, sina amani. Lori likimwaga kokoto barabarani naruka kwenye kiti. Nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja. Juzi mvua ilianza mchana nikiwa na mteja, nikamwacha na futi shingoni nikakimbia bila mwavuli mpaka pale kwa muuza mkaa, nikasimama kuitazama nyumba kama mtu anayemtazama mgonjwa kifuani aone kama bado anapumua. Ilikuwa imesimama. Mpangaji wa chumba cha sita, mama mmoja mjane anayefua nguo za watu, ana mabinti wawili wa shule, akaniona nimelowa akaniita. "Mama mwenye nyumba, utaumwa, njoo unywe chai." Sikuweza kukataa. Akanikalisha kwenye kitanda kilichoegemea ukuta ule. Mlango ukagoma kufunga, akausukuma kwa nyonga, akacheka. "Mlango huu umenenepa na mvua." Akaniambia chumba kile anakipenda sana. "Hata sakafu inanisaidia kufagia. Takataka zote zinajipeleka zenyewe ile kona." Nami nikacheka, mshauri. Nikanywa chai yake yote, jicho moja kwenye kikombe na jingine kwenye kona, nikamshukuru, nikatoka, nikatapika nyuma ya ukuta wa jirani.

Na si hayo tu. Chumba cha tano nimeshampangisha kijana mmoja mpishi wa hoteli na mke wake, mke ana mimba ya miezi saba, wanahamia Jumamosi hii. Walipoona rangi mpya walifurahi wakalipa palepale. Jana mke alikuja dukani kwangu na vipimo kwenye karatasi, anataka nimshonee pazia refu la kufunika ukuta wote wa nyuma, kwa sababu, alisema, ukuta mtupu unamtia upweke. Kitambaa kiko hapa mezani ninapoandika. Nimekikata, sijaweza kukishona.

Na mume wangu anarudi Ijumaa. Wiki iliyopita alinipigia, ana furaha, anasema amewasimulia madereva wenzake jinsi mke wake alivyonunua nyumba kwa akili, na mwenzake mmoja anataka kununua pia. "Nitumie namba ya yule mhandisi." Nikasema namba imepotea. Akasema, "Namba ya mtu kama yule haipotei, mke wangu. Itafute." Sijui kama ameshahisi. Nikimwambia, naogopa nitampoteza. Nisipomwambia, naogopa kitu ambacho hata kukiandika siwezi. Mdogo wangu anasema zimebaki wiki tano tu kiangazi kifike. Je, nisubiri? Nimwambie mume wangu kwanza ndipo mengine yafuate, au nitafute mhandisi kimyakimya? Na yule mke wa mpishi nimwambie nini? Nisaidie, mimi sijui tena kipi ni woga na kipi ni akili.

Ni mimi mshonaji, ninayesikiliza mawingu.

*

Mshonaji,

Barua hapa hukaa foleni wiki tatu, nyingine nne. Yako niliifungua Jumanne saa nne asubuhi, na nilipofika kwenye sakafu inayojifagia yenyewe niliiweka chini. Kazi yangu mimi ni maneno, kuta sizijui. Kwa hiyo nikampigia mtu anayezijua, mhandisi wa majengo, nikamsomea kipande kile bila kutaja mtu wala mtaa. Nilidhani atacheka, maana mimi nilikuwa nimecheka kidogo. Hakucheka. Aliniuliza, "Kuna watu ndani sasa hivi?"

Ndipo nikakupigia wewe, kwa namba uliyoiandika nyuma ya bahasha. Umeniruhusu nieleze yaliyofuata, na nitayaeleza kwa sababu najua wapo wanaonisoma ambao nao wana ufa walioufunika kwa kabati.

Uliniambia, "Mume wangu anarudi Ijumaa, siwezi kusubiri siku tatu tu?" Nikakuambia funga duka. Ukasema una oda ya sare za shule nzima. Nikakuambia sare hazijawahi kumwangukia mtu. Ulilia, nami nilikusikiliza ukilia, lakini sikukata simu mpaka niliposikia kufuli la duka, na hapo ulinisikia vibaya ukafikiri sina huruma. Huruma ninayo. Nilikuwa nimeigawa, sehemu kubwa ikaenda chumba cha sita.

Ulifanya vizuri. Nalisema hili mapema kwa sababu nitakugombeza baadaye. Ulikwenda mchana ule ule, ukamwambia mama mfua nguo atoke na mabinti wake, ukamwambia na sababu. Ungeweza kumdanganya kwamba unapaka rangi. Alikuuliza swali moja tu: "Siku ile ulipokunywa chai kwangu, ulikuwa unajua?" Ukasema ndiyo. Unaniambia hakukutukana, alikusanya mabeseni yake na vitabu vya wanawe, na sasa analala sebuleni kwako na hakusemeshi ila kwa mambo ya maji na chumvi. Usimlazimishe akusamehe. Mpe nafasi, mpe godoro zuri, mrudishie kodi yake ya mwezi, na mtafutie chumba kabla hujajitafutia usingizi.

Mhandisi alikuja leo Alhamisi. Si yule niliyempigia mimi, ni uliyemtafuta mwenyewe kwenye orodha ya waliosajiliwa, asiyemjua dalali wako wala ndugu yako. Ulinisimulia kwamba kabla hajagusa ukuta alivuka barabara akakaa na muuza mkaa robo saa nzima, wanazungumza. Zingatia hilo. Jibu lilikuwa ng'ambo ya barabara tangu siku ya kwanza, linauza mkaa. Kisha akatoboa sakafu ya chumba cha sita pale konani, akaingiza chuma chenye urefu wa mtu mzima. Kikaingia chote. Hakikugusa kitu. Unasema mdogo wako alikuwepo, akakaa chini palepale uani na kushika kichwa.

Vyumba viwili vya nyuma vitabomolewa, shimo litajazwa kama inavyotakiwa, na vile vinne vya mbele vina msingi wao, vinaweza kupona, ingawa mhandisi anataka kuvikagua tena wakishachimba. Hiyo ni taarifa mbaya na ni nzuri. Kila mtu aliyelala mle ndani yuko hai na hukumuua mtu. Mimi nakuombea usisahau jinsi ulivyokaribia.

Sasa nikugombeze. Unasema wahenga walikuambia uzibe ufa. Wahenga hawakusema kwa rangi ya krimu. Pia walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini hilo hukulisikia.

Unajua kwa nini hukumwita mhandisi mwaka jana? Unasema ni haraka, mnunuzi mwingine, geti. Fedha ulikuwa nayo mkononi, imeandikwa jina la kazi yake. Hukumwita kwa sababu ulishaipenda nyumba, ukaogopa atasema usinunue. Watu wengi wanaoomba ushauri hutafuta mtu wa kuwaambia wanachotaka kusikia, na mtu huyo hapatikani kwa shida, yuko kila mahali, na mara nyingi ni ndugu. Mumeo alikupa kipimo kizuri kuliko changu chochote, akasema tafuta wa kuikosoa. Mimi naongeza dogo: dalali hupata chake ukinunua tu. Mhandisi hupata chake hata ukikataa. Mwanasheria naye vivyo hivyo. Kabla hujasikiliza maneno ya mtu kuhusu nyumba, jua kwanza yeye anapata nini ukisema hapana. Na ile nauli ya mdogo wako, mshonaji, mtu anayetembea kwa miguu kutoka mtaa wa pili anapewa nauli ya nini? Sisemi aliuza maneno yake. Nasema mkono uliopokea hauwezi tena kugonga ukuta kwa haki, hata mwenyewe akiwa hajui.

Malipo ya mhandisi, umeniambia wewe mwenyewe kwa sauti ndogo, hayafiki bei ya lile geti. Sitasema zaidi hapo.

Zile alama za penseli. Nimelifikiria sana jambo hilo, kuliko hata ule uongo. Mwalimu alikuwa amekufanyia kazi ya mtaalamu, bure, kwa adabu, na tarehe zake. Mtafute. Si vigumu kumpata mwalimu, shule yake unaijua, pengine ndiyo unayoishonea sare. Mwambie ulifuta, mwambie alikuwa sahihi. Na kama ana kumbukumbu zake daftarini, na mtu wa namna ile hakosi daftari, muombe nakala, mhandisi atazihitaji na mwanasheria pia.

Mpishi na mkewe wamepata fedha yao Jumatano, vizuri. Unasema mke alikasirika, kwamba walishaaga walikokuwa wanaishi. Ana haki ya kukasirika. Mimba ya miezi saba haisubiri mtu atafute maneno. Kesho asubuhi, kabla hujafungua duka, zunguka kwa wenye nyumba unaowafahamu, wewe unawajua kuliko yeye, umtafutie chumba chenye sakafu isiyojua kufagia. Lile pazia chukua vipimo upya uwashonee. Ni kazi ya saa mbili kwako.

Mdogo wako asishike mwiko kwenye nyumba ile tena mpaka mhandisi amwambie wapi na vipi. Lakini usimfanye yeye ndiye mzigo wote. Yeye alisema asichokijua, wewe ulijua kwamba hajui. Mruhusu asimame pale wakati wa kuchimba, aangalie, ajifunze. Fundi aliyewahi kuona chuma kikizama namna ile huenda akawa fundi mzuri sana, au akaacha kazi. Vyote viwili ni afadhali kuliko alivyokuwa.

Linabaki la mumeo.

Gazeti hili linatoka Jumapili, yeye anarudi Ijumaa, na nimepanga hivyo makusudi, asije akasoma kwangu jambo alilopaswa kulisikia kwako. Ndiyo maana jibu hili nakutumia leo kwenye simu, neno kwa neno. Uliniambia unafikiria umpikie kwanza, apumzike, umwambie Jumamosi mambo yakitulia. Hayatatulia, mjane amelala sebuleni kwako na mabeseni yake. Unafikiri atafungua mlango aseme nini?

Unaogopa utampoteza. Inawezekana, mimi si mganga wa kukuambia haitakuwa. Atakasirika, na huenda akatoka akatembea, huenda akalala kwenye lori siku mbili. Lakini mtu aliyesema "nimepata usingizi" aliposikia kwamba kuna mhandisi, hakuwa anafikiria nyumba peke yake. Alikuwa anafikiria watu watakaolala ndani yake, wewe pia ukiwemo. Leo watu hao wako salama kwa sababu ulifunga duka Jumanne. Hilo nalo ataliona, likichelewa kidogo.

Kwa hiyo mfuate anakoegesha lori, msionane kwanza nyumbani. Usianze na dalali, usianze na ndugu yako, wala na shimo, wala na mvua. Anza na sentensi moja: "Hakuna mhandisi aliyekuja." Kisha nyamaza umwache aulize, na kila atakachouliza mjibu kilivyo, hata cha penseli.

Jumatatu saa mbili asubuhi nendeni kwa mwanasheria, mkiwa na ripoti ya mhandisi na kila karatasi uliyosaini kwenye ile meza. Yeye ndiye atakayewaambia kama aliyewauzia ana la kujibu, mimi sina mamlaka hayo na sitajifanya ninayo. Nendeni wote wawili, hata kama mtakuwa hamsemeshani. Mwanasheria atauliza nani alikagua nyumba kabla ya kununua, na safari hii jibu utalitoa wewe.